Jumbe Rabgye na Sufuria la Lungsho

Nina kisa mfukoni. Nikitoe?

"Kitoe!"

Kikiuma?

"Nasi tutakiuma!"

Basi sogeeni. Na wewe Athumani, mwondolee mwenzako kiwiko ubavuni. Kilikuwa kipindi ambacho milima ilikuwa bado inasukumana kwa mabega, kila mmoja akitaka aguse mbingu kwanza. Sungura hayumo katika kisa hiki. Fisi hayumo. Anayetaka sungura aende kwa shangazi yake, yuko jikoni, atampa na vyombo vya kuosha.

Mimi sikuwepo. Aliyenisimulia naye hakuwepo. Lakini sote wawili tunaafikiana, na hilo si jambo dogo.

Mbali sana, ndani ya milima ambako theluji hukaa mwaka mzima bila kuomba ruhusa, palikuwa na nyumba ya watawa iliyoitwa Lungsho. Watawa wake walikuwa Wabuddha. Walinyoa vichwa, walivaa nguo za rangi ya damu ya mzee, na walikuwa wameapa kutoua kiumbe chochote. Si mtu, si panya, si chawa.

"Hata mbu, Bibi?"

Hata mbu, Mwanakheri. Mbu akitua mkononi, mtawa alimngoja amalize.

Sasa mtauliza, watu wasioua mbu wanataka ngome ya nini? Maana nyumba ile ilikuwa ngome. Nitawaambia. Milima ile ilikuwa na majumbe wengi, na kila jumbe alikuwa na mikuki mingi kuliko kazi ya kuifanyia. Wakati wa mavuno walishuka kuchukua shayiri ya wenzao. Wakati usio wa mavuno walishuka kuangalia kama mavuno yamekaribia. Kwa hiyo watawa walijenga hekalu lao juu ya jabali, wakalizungushia ukuta wa mawe, mnene chini, mwembamba juu, umeinama kidogo kwa ndani kama mtu anayesikiliza. Madirisha yalikuwa nyufa. Ndani mlikuwa na hekalu, shule, ghala na zizi. Adui akionekana, watu wa bondeni walipanda na watoto wao na yaki wao, na yaki ni ng'ombe aliyezaliwa na blanketi lake. Waliingia, mlango ukafungwa. Ukuta ulifanya kazi ya mkuki bila kumchoma mtu.

Juu ya ukuta yalipangwa mawe ya kumwangushia adui. Hayakuwahi kuangushwa. Watawa walikuwa na desturi ya kujadili kila jambo. Mmoja anakaa chini, mwenzake anasimama, anauliza, anapiga kofi na kukanyaga mguu, pa! Aliyekaa ajibu. Na swali la mawe lilikuwa hili: nikiliachia jiwe likampata mtu, nimeua mimi au limeua jiwe? Pa! Na kama limeua jiwe, nani atatubu? Pa! Babu zao walilijadili. Wao wakalijadili. Mawe yakaota majani.

Sasa nyoosheni mikono ya kulia. Ya kulia, Athumani.

Watu wa milima ile walikuwa na desturi moja ambayo haikuvunjwa na mtawa wala mwizi. Kitu kitakatifu unakizunguka kikiwa upande wa mkono wako wa kulia. Hekalu, kaburi la mtu mwema, hata rundo la mawe ya sala kando ya njia. Kulia, daima kulia. Kukipita kwa mkono wa kushoto ilikuwa kama kuingia msikitini na viatu vya matope, tena unapiga mluzi.

Njia ya kupandia Lungsho ilikuwa moja. Ilikuja ikakoma ukutani. Na mlango ulikuwa hapo hapo, hatua chache tu upande wa kulia. Mnaliona tatizo?

"Hatulioni."

Simameni mbele ya ule ukuta wa jirani. Nendeni kulia. Ukuta uko mkono gani?

"Wa kushoto!"

Basi mmeliona. Lilikuwa kosa la fundi. Watawa walimfundisha fundi yule kwamba kila jambo duniani litazamwe kutoka ndani. Akatii. Alisimama katikati ya uwanja, akatazama ukuta kutoka ndani, akanyoosha kidole, akasema, "Mlango uwe pale." Hakuna aliyekumbuka kwamba wageni huja kutoka nje. Ukuta ulipokwisha kukauka, mgeni wa kwanza alifika, akatazama mlango, akatazama mkono wake, akaguna, akashika njia ya kushoto kulizunguka jabali zima.

Na tangu siku ile kila aliyetaka kuingia Lungsho alizunguka jabali zima. Kijia kilikuwa chembamba, upande mmoja ukuta, upande wa pili genge la kuangukia. Kwenye uso wa nje wa ukuta, kimo cha mkono, walipachika vipipa vya shaba vilivyojazwa karatasi za sala, na kila mpitaji alitakiwa kukizungusha kila kimoja kwa mkono wa kulia. Watu walikwenda wakiimba ili wasitazame chini. Imbeni nami:

Ukuta kulia, genge kushoto, zungusha, twende!

"Ukuta kulia, genge kushoto, zungusha, twende!"

Kuingia kulichukua nusu siku. Kutoka kulichukua hatua chache, kwa sababu ukitoka mlangoni na ukuta ukiwa kulia, unafika penye njia mara moja. Ndiyo maana watawa wengi walipoingia hawakutoka tena. Watu wakasema ni uchaji.

Mpishi wa Lungsho aliitwa Yonten. Alikuwa na sufuria la shaba. Ili kulisugua aliegemeza ngazi, akaingia ndani, na sauti yake ikasikika kama ya mtu aliyemezwa. Kila siku alipikia humo chai ya siagi na chumvi.

"Chai ya chumvi!"

Tulieni. Wao wakisikia kuhusu ngisi wenu wa nazi nao watapiga kelele. Na ile miezi ya njaa, shayiri ya bondeni ilipokwisha na mpya haijaota, Yonten alipika uji katika sufuria lile, na bonde zima likapanda na bakuli. Bila sufuria lile, wengi wa bondeni wasingeliona jembe tena. Yonten alijua hivyo. Kila asubuhi alilisalimia sufuria kabla ya kumsalimia mkuu wake.

Huko bonde la juu alikaa Jumbe Rabgye. Jumbe Rabgye alikuwa akioa. Siku ya kuposa, mbele ya wakwe, alisimama akasema, "Siku ya harusi yangu wageni wote watakunywa chai kutoka sufuria moja!" Wakwe wakashangilia. Mama yake, Mama Dekyi, hakushangilia.

"Sufuria gani, baba?" alimwuliza njiani.

"Litapatikana, mama."

"Kwetu lililopo linatosha watu wa nyumba na mbwa."

"Nimesema litapatikana."

Likapatikana lilipokuwa, yaani Lungsho. Rabgye akakusanya askari wake, wakabeba mikuki, ngao, na gogo la kuvunjia mlango. Walipoanza safari, walimkuta Mama Dekyi mbele yao, juu ya punda.

"Mama, hii ni vita."

"Vita ni vyenu. Mimi nakwenda kuhiji. Lungsho ni mahali patakatifu, na sijapazunguka tangu baba yako afe."

Wangefanya nini? Wakaenda pamoja, vita na hija.

Watu wa bondeni walipoona vumbi walipanda, wakazunguka mbio, wakaingia. Mlango ukafungwa. Jeshi likafika mwisho wa njia. Juu ya ukuta akatokea mkuu wa watawa, Mwalimu Jamphel, mzee ambaye miguu yake ilikuwa imechakaa kwa mijadala.

"Karibuni!" akasema. "Mmekuja kusali au kupigana?"

"Tumekuja kuchukua sufuria!" akajibu Rabgye.

Nyuma ya Mwalimu Jamphel kitu kilianguka. Ulikuwa upawa wa Yonten.

"Basi mlango ule pale," akasema Mwalimu.

Rabgye akatazama kulia. Askari wakatazama kulia. Mlango ulikuwa karibu kiasi cha kuurushia kokwa.

"Rabgye," akaita Mama Dekyi kutoka juu ya punda.

"Naam, mama."

"Usilifikirie hata kulifikiria."

Jeshi likashika njia ya kushoto. Imbeni!

"Ukuta kulia, genge kushoto, zungusha, twende!"

Haikuwa kazi nyepesi. Mkono wa kulia unazungusha kipipa. Mkono wa kushoto una ngao. Mkuki uko wapi? Wengine waliushika kwa meno. Waliochoka meno waliuacha kijiani, na waliokuja nyuma wakajikwaa nao, nao wakaacha ngao. Wabeba gogo ndio walioteseka zaidi, kwa sababu gogo lilikuwa limenyooka na jabali lilikuwa halijanyooka.

Jua lilipofika utosini walitokea upande wa pili, wakauona mlango mbele yao, mkono wa kulia, kama ilivyotakiwa. Wakapandwa na furaha. Wakaanza kukimbia na gogo. Na gogo likianza kukimbia, wajukuu zangu, halimsikilizi mtu. Waliupita mlango. Waliupita kwa hatua chache tu, lakini waliupita.

"Simameni!" akafoka Rabgye. "Rudini!"

"Jumbe," akasema askari wa mbele, "tukigeuka, ukuta unakuwa kushoto."

"Basi msigeuke! Rudini kinyumenyume!"

Askari wakatazamana. Ukienda kinyumenyume, ukuta unabaki kulia. Lakini unakwenda upande usiofaa. Je, umekosa au hujakosa? Juu ya ukuta Mwalimu Jamphel aliyasikia hayo, na uso wake ukang'aa. Akapiga kofi, pa!

"Swali! Anayekwenda kinyumenyume, anakwenda kwa uso au anakwenda kwa miguu?"

Wakakaa chini wamjibu. Jeshi zima. Waliweka gogo chini, wakakaa juu yake, wakajadili.

"Kwa uso, Mwalimu! Uso ndio unaoona njia!"

"Kipofu basi haendi? Pa!"

"Anakwenda, lakini..."

"Lakini nini? Pa!"

Rabgye alikuwa akizunguka katikati yao akiwavuta masikio. "Inukeni! Tumekuja vitani!" Na mmoja akamwambia, "Jumbe, ngoja kidogo, Mwalimu amembana mwenzetu."

Hapo ndipo Mama Dekyi alipofika, amemaliza mzunguko wake wa kwanza na punda wake. Akaambiwa swali. Hakushuka hata kushuka.

"Miguu," akasema. "Uso wako haujawahi kwenda popote bila miguu. Zungukeni tena."

Wakazunguka tena.

"Ukuta kulia, genge kushoto, zungusha, twende!"

Mara hii waliliacha gogo. Walipofika mlangoni hawakuupita, lakini hawakuwa na cha kuuvunjia. Waliugonga kwa mabega. Mlango ulikuwa wa mti wa msonobari na pau za chuma, mabega yakashindwa. Gogo lilikuwa pale mbele, hatua chache. Kulifuata ilikuwa ruhusa. Kurudi nalo ilikuwa nusu siku.

Wakalifuata, wakazunguka nalo. Likawatoka kwenye kona ya nyuma, likaruka gengeni, na walisikia likishuka kwa muda mrefu.

Siku iliyofuata wakazunguka, na siku baada yake. Jeshi lilianza kubadilika. Askari waliokuwa wakitukana sasa walikuwa wakisalimiana na vipipa. Mmoja alisema goti lake limepona. Mwingine alisema amemsamehe kaka yake. Mwishowe walifika penye njia, wakavua viatu, wakalala, wakasema wamepata thawabu za kutosha na wasingependa kuziharibu kwa vita.

Rabgye akabaki amesimama peke yake, harusi imekaribia, wakwe wameambiwa sufuria moja. Akatazama kushoto, njia ya nusu siku. Akatazama kulia. Hatua chache. Askari wanakoroma. Watawa wako kwenye mjadala. Mama yuko nyuma ya jabali na punda, na punda yule hakuwahi kuharakishwa na mtu. Rabgye akafikiri: nikifika mlangoni nikawahadaa wakanifungulia, nitauweka wazi, nitawaita vijana, watakuja tu. Nani ataniona?

Akageukia kulia. Akaenda kwa ncha za vidole, ukuta mkono wa kushoto.

Lakini Yonten alikuwa juu ya ukuta, pale penye mawe, maana tangu jeshi lifike alikuwa hali wala halali. Alimwona. Rabgye alikuwa chini yake kabisa. Yonten akaweka mkono juu ya jiwe. Alifikiria sufuria lake. Alifikiria bakuli za bondeni. Jiwe lilikuwa linatikisika lenyewe, lilihitaji kidole tu. Nitaua mimi au litaua jiwe? Yonten hakupiga kofi. Aliondoa mkono, akashuka ngazi mbio, akaenda kusimama nyuma ya mlango na upawa wake.

Rabgye akafika mlangoni. Akainua mkono abishe. Na kwenye kona ya pili, ukuta ukiwa mkono wake wa kulia, akatokea punda, na juu ya punda Mama Dekyi.

Sasa fikirini. Katika kijia kile, tangu fundi atoke, watu walikuwa wanaonana visogo tu. Hapakuwa na mtu aliyewahi kukutana na mwenzake uso kwa uso, kwa sababu wote walikwenda upande mmoja.

"Rabgye," akasema Mama Dekyi.

"Mama."

"Kwa nini nauona uso wako?"

Rabgye akashusha mkono. "Nilikuja kukupokea, mama. Nilisema mama amechoka."

"Kwa upande huu?"

"Ni... karibu zaidi."

Punda alimtazama Rabgye, na inasemekana hata yeye alitazama pembeni kwa aibu. Mama Dekyi akashuka, akaugonga mlango.

"Hodi! Ni mama mtu mzima, nimemaliza mizunguko yangu, nasikia kiu. Na hapa nipo na mwanangu, ila leo simtambulishi."

Ilikuwa sheria ya Lungsho kwamba aliyezunguka apewe chai. Watawa wakakusanyika uwanjani. Wengine wakasema fungua, wengine wakasema ni mtego, Rabgye yuko hapo, sufuria litakwenda. Mikono ikainuliwa kwa kofi la kwanza la mjadala.

"Hapana," akasema Mwalimu Jamphel. "Tukianza, bibi atakufa kwa kiu. Ndugu Yonten, sufuria liko mikononi mwako. Amua wewe."

Yonten akautazama mlango. Akalitazama sufuria, likifuka moshi. Akifungua, huenda lingeondoka, na bonde likalala njaa. Asipofungua, litabaki, na yeye atakuwa mpishi aliyemnyima chai bibi aliye mlangoni kwake.

"Kama simpi huyu," akasema, "nalilinda la nini?"

Akafungua.

Mama Dekyi aliingia, na Rabgye nyuma yake, ameinamisha kichwa. Uwanja ulikuwa umejaa watu wa bondeni, wameshika bakuli. Yonten akamjazia mama bakuli. Akanywa. Akaomba jingine. Kisha akapanda ile ngazi, akachungulia ndani ya sufuria, akakaa humo na kichwa chake kwa muda.

"Rabgye," ikasema sauti yake kutoka ndani. "Chukua upawa."

"Mama?"

"Wape watu chai."

Jumbe Rabgye akachukua upawa kwa Yonten. Akagawa. Mwanzoni watu waliogopa kusogea, baadaye wakasogea, baadaye wakaanza kumwambia aongeze siagi. Mtoto mmoja wa kike alirudi mara ya pili, akarudi mara ya tatu, Rabgye akamwambia, "Wewe si umekunywa?" Mtoto akasema, "Nimekunywa. Hii ni ya kesho."

Rabgye akachota tena. Akamjazia mpaka juu.

Mama Dekyi akashuka ngazi. "Likihamia kwetu, huyu wa kesho atakunywea wapi?"

"Sijui, mama."

"Na wakwe zako uliwaahidi nini?"

"Kwamba wote watakunywa chai kutoka sufuria moja."

"Uliwaambia wapi?"

Rabgye akasimama na upawa mkononi. Akafikiri. Chai ilikuwa inamchuruzikia viatuni.

"Sikuwaambia wapi."

"Basi," akasema mama.

Harusi ikafanywa Lungsho. Wakwe walipanda, wakazunguka, wakaimba, wakaingia, wakakaa chini, kila mtu na bakuli la chai kutoka sufuria moja. Bibi harusi, jina lake Chimi, akaketi karibu na mlango. Baba yake akatazama huku na huku.

"Mwenye harusi yuko wapi?"

"Anakuja," akasema Yonten. "Yuko nyuma ya jabali."

Maana Mama Dekyi alikuwa ametoa hukumu: kwa kila hatua Rabgye aliyokwenda upande usiofaa, mzunguko mmoja upande unaofaa, na asioe kabla hajamaliza. Hatua zilikuwa chache, lakini jabali ni jabali. Kila alipotokea kwenye kona, wageni walipiga vigelegele, Chimi akainuka na kujitengeneza shela. Rabgye akapunga mkono, akapita mlangoni, akaendelea, maana alikuwa bado anadaiwa. Chimi akakaa chini, akaomba chai nyingine.

Alipokuja mzunguko wa mwisho, askari wake walipangwa mlangoni wakamdaka kwa mkanda, wanne kwa pamoja, asije akaupita. Wakamwingiza ndani kinyumenyume. Mwalimu Jamphel aliinua mkono apige kofi, na Mama Dekyi akaushika.

Sasa mtaniuliza mafundisho, maana mkirudi kwenu mtaulizwa. Ukuta wa Lungsho haukumzuia Rabgye. Ukuta ni mawe, na mawe huvunjwa na mwenye muda. Kilichomzuia ni jambo moja ambalo yeye mwenyewe hakuweza kulifanya huku mama yake akimtazama usoni. Kila mmoja wenu analo jambo kama hilo. Mlijue mapema, kabla hamjabeba gogo.

Kisa kimefika kwao, nami nimefika kwangu. Kilichowachekesha, kaeni nacho. Kilichowachosha, kilalieni.